Delko ya Marehemu Albert

Mkono uliomshika Eddy begani juma lililopita haukuwa wa polisi wala wa mzimu. Ulikuwa mkono wa Willy, mdogo wake marehemu, naye alikuwa analia.

"Lia tu, ndugu," Willy akasema. "Mi pia nikiona hii gari, naona yeye."

Eddy hakuwa analia. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kapo, yaani boneti, ya pikapu kuukuu ya marehemu, kama anavyofanya kila asubuhi tangu aingie kwenye matanga haya. Kwanza hunawa uso kwenye beseni. Kisha hunywa chai ya rangi pamoja na wanaume wenzake chini ya bashi, turubai la msiba. Kisha husema anakwenda msalani, hupitia nyuma ya nyumba, huweka mkono juu ya kapo, husimama hapo kidogo, hurudi. Sala nyingine hakuwa nayo.

Leo sala imekatwa katikati, na aliyeikata anamwambia alie.

Eddy akafanya lile ambalo amelifanya tangu siku ya kwanza kila alipokosa la kusema. Aliinamisha kichwa.

Kwa aliyekosa majuma yaliyopita, mambo yako hivi.

Eddy ni kijana wa Nundu. Yeye na dada yake Merveille wana pikapu ya benzini ambayo umri wake hauulizwi, kwa heshima. Inabeba mihogo ya kina mama kutoka Nundu hadi soko la Baraka, au tuseme ilikuwa inabeba, mpaka ilipokufa delko. Delko ni kile kidude cha ukubwa wa ngumi, chenye kofia na nyaya, kinachogawa moto kwa mabuji, yaani plagi za injini. Bila delko, gari ni kibanda cha kuku chenye usukani.

Alitafuta. Uvira walikuwa na delko za magari mapya, kwa bei ya magari mapya. Boti ya Kigoma ikamletea moja iliyofanana kabisa na yake, ila ilizunguka kinyume. Siku walipoijaribu, gari lilipiga mshindo kwa nyuma, soko zima la Nundu likalala kifudifudi, na mekanisien, fundi wa gari, akasema angalau sasa tunajua moto upo.

Mekanisien huyo huyo ndiye aliyemwambia kwamba pikapu za aina ile zimebaki mbili tu, toka Nundu mpaka Lulimba. Moja ni hii. Nyingine ni ya mzee Albert wa Baraka, ambaye anaumwa na haendeshi tena. Nenda umwone, akasema, kabla wengine hawajamwona.

Eddy alienda. Alifika asubuhi ileile mzee Albert alipokata roho.

Ungefanya nini, msomaji? Ungeingia kwenye parseli, kiwanja cha watu, yenye kilio uulize bei ya delko? Eddy alikaa kwenye kiti alichopewa. Nia yake ilikuwa kukaa mpaka chai. Wakamwuliza alimjuaje marehemu, akajibu, "Kwa barabara." Hilo lilikuwa kweli, maana aliwahi kupishana na gari la mzee kwenye mlima wa Fizi, akala vumbi lake lote.

Kufika jioni, watu walikuwa wanasema walikimbia vita pamoja, wakavuka ziwa pamoja. Kesho yake walikuwa wamelala hema moja huko ng'ambo. Mwisho wa juma, marehemu alikuwa amemwokoa Eddy majini, au Eddy ndiye aliyemwokoa marehemu. Hapo wasimulizi hawakuafikiana. Eddy mwenyewe hakusema uongo hata mmoja. Aliinamisha kichwa tu, na wengine wakafanya kazi iliyobaki.

Huko Nundu, dada yake Merveille ametangaza kwamba matanga yakiisha bila delko, pikapu inakwenda kwa watu wa masufuria. Hao huchukua injini, wakaiyeyusha, na kesho yake unapikia maharage ndani ya kile kilichokuwa kinakupeleka Baraka. Wala Merveille si mtu wa kutisha bure. Kina mama wa mihogo wameshaanza kupanda pikipiki.

Basi turudi nyuma ya nyumba.

Willy alijipangusa macho. Machozi yalipokauka, sauti nayo ikakauka. Akasema leo mchana ukoo unakaa kugawa vitu vya marehemu, na katika ukoo wao kuna desturi moja: ndugu ni tumbo, rafiki ni mdomo. Ndugu hawaaminiki kusema marehemu alitaka nini, kwa sababu kila mmoja anavutia kwake. Kwa hiyo husimamishwa rafiki. Akisema, imesemwa, na neno lake la kwanza halirudishwi. Pasipo rafiki hakuna kugawa. Kila kitu kinabaki mahali kilipo mpaka mwaka uishe.

"Tulikuwa na woga," Willy akasema. "Yaya, huyu mukubwa wangu, alikuwa anagombana hata na redio. Tukasema, huyu tutamupatia wapi rafiki? Mungu akakuleta."

Eddy akauliza kwa sauti ndogo kama ni yeye kweli atakayesimama.

"Ni we. Bote bamekubali."

Kisha, kwa upole mkubwa, Willy akamkumbusha Eddy mambo ambayo bila shaka marehemu alimwambia. Kwamba parseli na gari virudi kwa ndugu. Kwamba Suzanne, mjane, hakuzaa, kwa hiyo apewe kitanda chake, vyombo vyake, na mtu wa kumsindikiza kwao Lulimba. Sheria ya kumlinda mjane ipo, kila mtu ameisikia redioni. Lakini sheria iko Kinshasa, na parseli iko Baraka.

"Na we pia hatutakusahau," Willy akasema, akipiga kapo kofi. "Utachukua souvenir. Kile roho yako inapenda kwa hii gari."

Eddy akasogea karibu na kapo. Majuma yote haya alikuwa anatafuta jinsi ya kuuliza, na sasa anaombwa apokee.

Ili kuonyesha kwamba hatanii, Willy akaifungua kapo pale pale. Eddy hakuwahi kuifungua hata mara moja, kwa maana kapo ya marehemu haifunguliwi na mgeni katikati ya matanga. Ikapanda ikilia. Eddy akainama, akaangalia.

Delko haikuwepo.

Mahali pake palikuwa na tundu, na tundu lilizibwa kwa kipande safi cha kitenge. Nyaya za mabuji zilifungwa pamoja vizuri, kama nywele za msichana anayekwenda shule Jumatatu.

Kumbe kila asubuhi alikuwa anasali mbele ya tundu.

Willy, ambaye katika magari anajua kiti cha abiria tu, aliona chuma nyingi, akaridhika. "Si unaona? Iko yote."

Kichwa cha Eddy kilishuka chenyewe. Hakikushuka kwa kukubali. Kilishuka kwa sababu shingo ilikataa kukibeba.

"Basi tumeelewana," akasema Willy.

Wakati huohuo aliingia mtu mwenye gunia begani na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa Barutwanayo, Mrundi anayekaa na wakimbizi wenzake upande wa Lusenda, fundi wa masufuria anayejulikana kando yote ya ziwa. Willy ndiye aliyemwita, aje kulipima gari kwa macho kabla halijagawanywa, ili likishagawanywa mambo yasikawie. Barutwanayo akatoa pole ya msiba kwa adabu, akagonga injini kwa kidole kilichokunjwa, akasikiliza kama mganga anayesikiliza kifua.

Kisha akamwona Eddy.

"E, mwenye ile ingine," akasema kwa furaha. "Ile ya Nundu. Dada yako alinipatia rendez-vous ya kuja kuipima."

Msomaji, Eddy alirudi nyuma hatua moja. Siri yote ilikuwa imetoka mdomoni mwa mtu asiye na ubaya wowote.

"Ile ingine gani?" Willy akauliza.

"Gari yake na hii ni mapacha. Zote mbili nikiyeyusha pamoja, itatoka sufuria ya kupikia arusi."

Willy akamtazama Eddy kwa muda. Midomo ikamcheza. Eddy akajiandaa kukimbia.

"Hata gari balinunua ya kufanana," Willy akasema, na machozi yakarudi. "Ule ulikuwa urafiki."

Akaenda kuwaambia wengine. Baada ya muda mfupi, chini ya bashi walikuwa wanasema kwamba magari yale mawili yalinunuliwa siku moja, kwa mtu mmoja, na marafiki wawili walioapa kutoachana.

Eddy alienda kupasua kuni.

Hapo lazima nieleze. Mjane hatakiwi kuwasha moto wala kuteka maji matanga yakiwa bado yapo. Anakaa mkekani, wanawake wengine wanampikia. Lakini wanawake waliokuja kumpikia Suzanne walichoka mapema na kurudi kwao. Wanaume waliokuja kumfariji hawakuchoka kula. Kwa hiyo desturi na njaa vilipatana: Suzanne alipika mwenyewe, nyuma ya nyumba, na watu wakakubali kutomwona. Eddy naye, ambaye aibu ya kula bure ilikuwa inamkaba, alishika shoka siku ya pili na hakuliachia tena.

Suzanne hakuwa mzee. Marehemu alimwoa akiwa msichana, yeye akiwa tayari na mvi. Alikuwa na kitambaa cheupe kichwani na macho mekundu, kwa kilio au kwa moshi, hakuna aliyemwuliza.

"Kapo imefunguliwa," akasema bila kuacha kusonga bukari, ugali wa huko.

"Ni Willy alifungua."

"Na umeona."

"Nimeona kitenge."

Akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza Eddy kusikia kicheko chake, na alishangaa kwamba kilikuwa kinene, kama cha mtu mwingine mwenye mwili mkubwa.

"Nilikujua tangu siku ya kwanza," Suzanne akasema. "Bwana yangu hakukuwa na rafiki. Nikasema, huyu ao anamudai, ao ni mwizi. Kisha nikaona kucha zako ziko na grisi. Nikasema, aa, gari yake imekufa."

"Juu ya nini haukunifukuza?"

"Ulikuwa unapasula kuni."

Halafu akamsimulia, huku akigeuza mwiko. Asubuhi ile alipoona Albert amenyamaza moja kwa moja, hakupiga yowe. Alichukua spana, akatoka, akalegeza nati, akaitoa delko jinsi alivyomwona bwana yake akiitoa kila walipolala Lulimba kwenye machimbo ya dhahabu, ili gari lisiondoke bila yeye. Akaifunga, akaificha. Alijua kwamba shemeji zake wakisikia kilio watakuja mbio, na hawatakuja peke yao. Na kweli walikuja na dereva. Dereva alihangaika na ufunguo, bila kufungua kapo, mpaka betri ikafa, akala, akarudi kwake.

"Nilitoa delko kwanza, njo nikalia," akasema. "Mungu ananiona."

Akapakua bukari, akaweka ndagala, samaki wadogo wa ziwa, juu, akamsogezea sahani. Kisha, kama mtu anayetaja bei sokoni na kuangalia pembeni, akasema sharti lake. Mchana Eddy asimame aseme kwamba Albert alimwambia parseli ibaki kwa mke wake. Gari wachukue wao, na wakaliyeyushe wakitaka. Delko ni ya Eddy, leo leo.

Ni mara chache katika maisha haki na faida hukaa kwenye benchi moja. Upande mmoja mjane asifukuzwe. Upande mwingine pikapu ya Nundu iwake, Merveille anyamaze, kina mama washuke kwenye pikipiki. Katikati, uongo mmoja tu, tena mdogo, tena wa kumsaidia mtu. Eddy ambaye alikuwa ameishi juma baada ya juma ndani ya uongo wa watu wengine bila kulipa kodi, aliona si vibaya sasa kuchangia wa kwake.

Akaomba afundishwe kidogo habari za marehemu, wasije wakamtega. Suzanne akafikiri. Albert alichechemea mguu wa kushoto. Hakula pilipili. Hakupenda mtu aimbe ndani ya gari.

"Alikuwa mubaya?" Eddy akauliza.

"Hapana. Alikuwa anaongea na gari kuliko na mi." Akaangalia moto. "Tangu alikufa, naongea na muntu wa kuni. Nilikuwa nasahau vile sauti yangu iko."

Eddy alijikuta ametafuna ndagala ileile kwa muda mrefu sana.

Mchana ukoo ulikaa. Wanaume kwenye viti vya plastiki upande mmoja, wanawake kwenye mikeka upande wa pili, Suzanne mbele yao, uso umefunikwa nusu. Katikati alikaa Papa Nicolas, mkubwa wa ukoo, mkatekista aliyestaafu, mzee mwenye sauti ya kuamsha watu wa benchi za nyuma. Barutwanayo aliwekewa kiti karibu na gunia lake. Hata majirani waliokwisha kusema matanga haya yamewachosha walirudi, maana kugawa vitu hakuchoshi mtu.

Papa Nicolas aliomba, kisha akasema kabla rafiki hajafungua mdomo ataje jambo moja la marehemu, ili ukoo ujue ni yeye. Marehemu alikuwa anaumwa mguu gani?

Eddy alijua. Alikuwa amefundishwa. Na kama mwanafunzi yeyote aliyefundishwa saa ileile, akasahau.

Upande wa wanawake, Suzanne akaanza kujikuna goti. Tatizo ni kwamba alikuwa ameelekeana naye, na Eddy akaanza kupiga hesabu: kushoto kwake ni kulia kwangu, au goti lile ni lile. Watu wakangoja. Wengine wakaona uchungu umemziba koo, wakaanza kuguna kwa huruma.

"Wa kushoto," Eddy akasema mwisho, akiwa amefumba macho.

Wakashusha pumzi. Mwanamke mmoja akajifuta machozi. Papa Nicolas akampa nafasi aseme.

Eddy alivuta hewa. Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa, ya haki.

Lakini Willy alikuwa amesimama.

Willy akasema hakuna haja ya kumchosha rafiki, mwili wake wenyewe unaonyesha jinsi alivyoteseka. Rafiki ameshasema. Asubuhi ya leo, mbele ya gari la marehemu, Willy alimtajia kila kitu alichokiagiza yaya wake: parseli kwa ndugu, gari kwa ndugu, mjane arudi kwao. Na rafiki akakubali kwa kichwa. Kama kuna mwenye mashaka, fundi huyu hapa alikuwa anaingia, aulizwe.

Barutwanayo akavua miwani. Alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu wake siku ile haukuwa na huruma kwa yeyote.

"Kichwa niliona kinashuka," akasema. "Kile kilikuwa ndani ya kichwa, sikuona."

Watu wakacheka. Papa Nicolas hakucheka. Akamgeukia Eddy, akamwuliza kama ni kweli kichwa chake kilishuka.

Kilishuka. Hilo Eddy hangeweza kulikana. Papa Nicolas akatikisa kichwa polepole, akasema katika ukoo huu kichwa cha rafiki ni mdomo wa rafiki, na neno la kwanza ni neno. Hata rafiki mwenyewe akitaka kulipindua sasa, hawezi. Akasema Suzanne aanze kufunga vitu vyake, na mtu wa kumsindikiza Lulimba atafutwe.

Suzanne hakulia. Aliacha tu kujikuna goti, mkono ukabaki pale.

Tazama basi, msomaji, jinsi kijana asiyesema uongo alivyofika. Tangu siku ya kwanza amekuwa akiinamisha kichwa ili asiseme. Sasa vichwa vyote alivyoinamisha vimekusanyika, vimekuwa kinywa, na kinywa hicho kinamfukuza mwanamke nyumbani kwake. Akisema sikukubali, hasikilizwi. Akinyamaza, anapewa souvenir, tundu lenye kitenge. Neno la rafiki haliwezi kurudishwa.

Isipokuwa asiwe rafiki.

Eddy aliliona hilo, na papo hapo akaiona delko ikiondoka. Ilikuwa imefungwa mahali fulani ndani ya nyumba ile, hatua chache kutoka kwenye kiti chake, nzima, inayozunguka upande unaotakiwa. Mtu asiyekuwa rafiki hawezi kumtolea Suzanne ushahidi pia. Hakuna ushahidi, hakuna delko. Akawaona watu wa masufuria kule Nundu wakiifungua pikapu yake, na Merveille amesimama mlangoni akijifanya hajali.

"Papa Nicolas," akasema. "Mi sikumujua marehemu."

Watu walidhani ni uchungu. Mmoja akasema pole, pole.

"Sikumujua. Sikuvuka ziwa naye, sikulala naye kwa hema. Sura yake niliona kwa picha, hapa, siku alikufa. Gari yangu imekosa delko. Nilikuya juu ya delko."

Kimya kilichofuata kilikuwa cha ajabu, maana kila mtu alikuwa anakitumia kujitoa. Mzee aliyeapa kwamba aliwaona wakishuka boti moja akasema siku zote alisema inawezekana ilikuwa boti nyingine. Mama aliyesimulia habari ya kuokolewa majini akagundua kwamba mtoto wa jirani anamwita. Waliobaki waliangalia viatu vyao.

Willy alitaka Eddy atolewe nje kwa nguvu. Akamwita mwizi wa msiba, mla ndagala za watu. Eddy hakubisha, hasa hilo la ndagala. Lakini Papa Nicolas aliinua mkono, na sauti ile ya kanisani ikawafikia wa benchi za nyuma. Kama huyu si rafiki, basi kichwa chake si mdomo, hata kikishuka mara mia. Kama hakuna rafiki, hakuna kugawa. Kila kitu kinabaki mahali kilipo mpaka mwaka uishe. Parseli, gari, na aliyemo ndani ya nyumba.

Willy akakaa kama gunia lililoachiliwa. Barutwanayo akakunja gunia lake yeye, taratibu, kama mtu aliyekuja kwenye arusi akakuta imeahirishwa.

Suzanne alifumba macho. Alipoyafumbua, alimwangalia Eddy moja kwa moja, mbele ya watu wote.

Hapo ndipo kijana alipopaswa kukaa. Mjane ana mwaka mzima. Aibu imeshamwagika, haiwezi kumwagika zaidi. Angechukua shati lake la pili lililoanikwa kwenye uzio, akatafuta pikipiki ya Nundu, na hadithi hii ingekuwa na mwisho wa kuwasomea wazazi wetu.

Ila ukweli ni kama gari linaloshuka mlima wa Fizi bila freni. Kuliwasha ndiyo kazi. Kulisimamisha si kazi ya mtu.

Papa Nicolas alikuwa bado anamtazama. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na swali, kama mzee aliyefundisha watu katekisimu miaka mingi na bado hajazoea majibu yao.

"Mutoto yangu," akasema, "delko muntu anaomba siku moja. Hata ndani ya kilio. Ungekuya kwangu, ungeniambia Papa, niko na shida, na mi ningemuuliza huyu mama, mambo yaishe. We umebaki matanga yote. Unapasula kuni, unateka maji, unalala kwa baridi na bantu haubajue. Ni delko gani inakalisha muntu namna hiyo?"

Suzanne aliona jibu kabla halijatoka. Kutoka mkekani alianza kutikisa kichwa, kidogo sana, kulia na kushoto. Hapana. Matanga bado hayajaondolewa, na ndani ya matanga mjane hatamkiwi mapenzi. Shemeji zake wote wako hapa. Hapana, Eddy.

Eddy aliona. Kwa mara ya kwanza tangu aingie katika parseli ile, kichwa chake hakikushuka.

"Siku ya kwanza nilibaki juu ya delko, Papa," akasema. "Hizi zingine zote, nimebaki juu ya Suzanne."